Lifti Isiyo na Mbili

Lifti ya mlango wa mbele haijui kuhesabu.
Inaanza sifuri, inaruka hadi nne,
inaendelea kumi, kumi na moja, mpaka kwenye bwawa la kuogelea.
Moja, mbili na tatu hazina kitufe.
Sisi ndio moja, mbili na tatu.

Jina langu lilichomolewa kwenye ndoo ya plastiki
ukumbini Tononoka, chini ya feni mbovu:
"Mbodze Ngowa, nyumba ya bei nafuu, Nyali!"
Nilipiga kigelegele hadi mshono wa kwapa ukafumuka.
Mlaleo wakaniambia, umeula, mama.
Nikaamini. Nikagawa jiko, nikagawa ndoo,
hata kamba ya kuanikia nikagawa.
Hiyo kamba sikuijutia sana:
hapa kuanika nguo dirishani ni kosa, kifungu cha saba.

Mlango wetu uko nyuma, kati ya jenereta na mapipa.
Umeme ukikatika, wao juu hupata ubaridi,
sisi hupata ngurumo.
Bomba letu latoa maji ya kisima, ya chumvi;
chai yake mpaka uambiwe ni chai.
Maji matamu hupita ndani ya ukuta wangu,
kwenye bomba nene, yakipanda.
Nyevu, binti yangu, huweka sikio pale.
"Mama, bwawa linajazwa."
Sauti ya bwawa anaijua. Bwawa lenyewe hajaliona.

Sisemi ni jehanamu. Mvua hainipati.
Choo ni changu na kina komeo.
Kodi nailipa kwa viazi karai, na kuna miezi hubaki ya sukari.
Nikisimama kwa ncha za vidole, kona ya kushoto ya dirisha,
naiona bahari, upana wa leso iliyokunjwa mara nne.
Hiyo bado hawajaitoza.

Barua ilikuja Jumanne.
Karatasi nzito, inayokataa kukunjika.
"Wakazi wa ghorofa za chini wanaombwa
kujiepusha na mapishi yenye harufu kali."
Chini yake sahihi ya mwenyekiti, Bwana Swabir wa ghorofa ya tisa,
ndefu kama mkia wa taa.
Nami nilikuwa nimeroweka ng'onda.
Nikaitazama barua, nikamtazama ng'onda.
Sikujua ni kipi kilichokauka zaidi.
Nikafunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa taulo,
nikapika papa wa nazi kama mwizi.

Pakabishwa.
Bibi mfupi, buibui la hariri, kandambili,
anahema: ameshuka ngazi za wafanyakazi, ghorofa saba,
sababu lifti yake haina mbili.
"Mimi Muzna, mamake Swabir.
Nimeifuata pua yangu.
Kule juu wanipa supu ya karoti."

Alikula kwa mkono, mkekani, hadi gegedu.
Jina langu hakuniuliza. Hilo nililiona.
Alisema tui limezidi, mamake angelipunguza;
alisema Kibokoni walilala watu tisa chumba kimoja,
"ila hayo Swabir hataki yasemwe."
Akanawa kwa maji yangu, akaramba kidole.
"Hivi nyinyi mwapawa haya?"
Sikumjibu. Nilimpa kitambaa.

"Usimwambie mwanangu."
"Nitamwambiaje, Bibi? Kitufe sina."
Akacheka, akakohoa, akaanza kupanda.
Nyevu akamshika mkono hadi mlango wa tatu,
pale kadi yetu inapoishia.
Aliporudi alisema ameona zulia.
La rangi gani?
"Mlango ulijifunga upesi."

Barua ya pili ilikuja Ijumaa, kali kuliko ya kwanza.
Nimeikata vipande vinne.
Karatasi nzito ile, mafuta hayapenyi,
viazi vyakaa humo vizuri mno.

Leo nimeroweka ng'onda tena, kipande kimoja zaidi.
Kama atashuka, sijui.
Tui nimelipunguza.