Wingu la Njedengwa

Saa tano usiku. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango wa ofisi, nami naandika mistari sita
ya kuumba siri.

Si siri yenyewe. Jina lake tu,
*pampu-nne-mzakwe*,
na nani aruhusiwe kuifungua,
na baada ya siku ngapi ibadilike.

Mzee Chilongani aliiandika kwa kalamu nyekundu,
akaibandika pembeni ya kioo cha kompyuta.
Miaka minane, kila aliyeleta chai aliisoma.
Alipostaafu, karatasi ilikuwa imepauka:
tarakimu ya mwisho ni saba, au ni moja?
Tuliumiza vichwa. Aliyetukumbusha
ni Nyemo, anayefagia.

Nabonyeza. Herufi zinageuka nyota.
Mashine inajibu: *imeundwa*.
Wapi? Winguni, wanasema.
Sisi wa Dodoma mawingu tunayajua,
Januari nzima yanapita yamejitwika
na hayatui.

Mama, kule Mvumi, hela za mbegu
alizifukia chunguni, chini ya jiwe la kusagia,
na kila asubuhi alisaga juu yake, anaimba.
Mimi hakuniambia. Alimwambia dada,
na siku ya kuhamisha
akamwambia tena.

Nafuta daftari langu. Nafuta na kumbukumbu ya kufuta.

Alfajiri pampu itaamka, itabisha, itatambuliwa,
maji yapande hadi Nkuhungu
pasipo mtu kutamka neno.

Nyemo ataingia na fagio lake,
atatazama pembeni ya kioo,
atakuta alama ya gundi.