Nyumbu na Isale

Walianza kwa kuufunga mfongo.
Bunduki ilikuja siku ya nne,
bibi yangu alipokuwa ameshalamba umande
kwenye migomba, jani baada ya jani,
kama mbuzi, alisema, akacheka,
maana alipenda kujicheka kabla hajachekwa.

Shimoni walikuwa watu kumi na wanane, ng'ombe saba.
Giza lilinuka samadi, maziwa, jasho la woga.
Ndeshimuni, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka,
alipewa kazi moja: kumziba mdomo mdogo wake.
Juu, viatu.
Juu, watu wakiitana kwa lugha ya kukohoa.
Na maji yetu, yaliyochongewa njia na mababu kwa majembe ya mti,
yakimwagwa bondeni, bure,
usiku kucha wakiyasikia.

"Risasi ukiisikia imeshakupita," alituambia.
"Maji ukiyasikia nawe huyanywi,
hayo ndiyo yanayoua."

Siku ya sita baba yake, Kirita, alitoka na isale
amelishika kwa mikono miwili.
Huku Old Moshi nani asiyejua?
Ukiletewa isale, hata na aliyekumwagia damu,
unakaa chini, unasikiliza.
Afisa alilitazama. Akamuuliza mkalimani.
Mkalimani, mtu wa mbali, akajibu: ni jani.
Nyumbu wa mizigo akanyoosha shingo,
akalila.

Hapo, alisema bibi, ndipo vita ilipokwisha.

Yaliyofuata yalikuja taratibu, yana mihuri.
Mawe ya kujengea boma, kila bega na zamu yake.
Rupia za kodi ya nyumba.
Wale ng'ombe saba waliookoka gizani
wakaandikwa daftarini kuwa deni.
Akaja mtu na mnyororo wa kupimia,
akang'oa masale ya mipaka, akapanda namba.
Bendera ikashuka, ikapanda nyingine.
Kirita, mgongo umeshapinda, aliendelea kuteremka kulipa
kwenye meza ileile.
Karani mpya. Hata wino ulikuwa mwingine.

Leo asubuhi nilikuwa mjini, dirisha la maji.
"Mita yako inasoma sifuri, bibi," kijana akaniambia,
"ila tozo ya huduma ipo palepale."
Bibi. Nilitazama nyuma kuona anamwita nani.
Nikalipa. Nikaikunja risiti mara nne.

Mfongo umekauka; una mifuko ya nailoni
na kiatu kimoja cha mtoto wa shule.
Lakini pembeni mwa kihamba, alipolala Ndeshimuni,
isale limechipuka. Hakuna aliyelipanda,
nimeuliza nyumba zote.
Sijui linamwombea nani radhi,
wala kwa nani.

Nimemhamisha mbuzi.