Kiraka cha Bawa la Kushoto

Kipimo ni moja kwa arobaini na nane.
Maana yake, nikikosea milimita moja hapa mezani
nimekosea vidole vitatu kule barafuni,
na vidole vitatu, kwa ndege ya vita,
ni tofauti ya kutua na kuzikwa.
Kwa hiyo navaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
nabana pumzi, ndipo nabana kiti cha rubani
kwa kibanio cha nyusi cha marehemu Solfrid.

Nyaya za kati ya mabawa nimezivuta kwa mshumaa:
kijiti cha plastiki juu ya moto, taratibu,
mpaka kirefuke kama ute,
chembamba kuliko unywele wowote uliobaki kichwani mwangu.
Wa kumi na tisa ulikatika mara nne.
Niliutukana kwa lahaja ya mama.

Picha ninayo moja tu.
Aprili ya mwaka wa arobaini, ziwa limeganda,
ndege imesimama juu ya maji kana kwamba maji ni sakafu,
mvulana ameshika koleo, theluji imemfika magotini,
na chini ya bawa la kushoto, kiraka.
Picha haina rangi. Hapo ndipo ugomvi ulipo.
Halvard asema kijani.
Torgrim asema kahawia, na ana kitabu.
Mimi nilikaa na vichupa viwili miezi mitatu
kama mwali aliyeposwa na ndugu wawili.

Mwisho nikapanda basi hadi kwa Gudveig Skarbø,
umri tisini na mmoja, masikio hafifu, ulimi mzima.
"Kijani?" Akacheka hadi akashika meza.
"Kile kilikuwa kitambaa cha meza cha mama,
cha Krismasi, kimedariziwa kwa uzi mweupe.
Rubani alikuja akitetemeka, kijana wa watu,
ndevu hazijamwota sawasawa,
anatuonyesha tundu kwa mikono maana lugha hatukuwa nayo.
Mama akakikunja, akakinusa, akampa.
Rangi walichota kwenye kopo lililobaki la mlango wa zizi."

Mlango wa zizi bado upo.
Leo ni mwekundu. Chini ya wekundu, weupe;
chini ya weupe, kijivu cha miaka ya njaa.
Nikakwangua kwa wembe kama anayemenya yai bichi,
Gudveig akinishikia tochi na kunifokea,
hadi ikachungulia: buluu.
Chembe moja, ndogo kuliko chawa.
Nikairudisha mjini ndani ya karatasi ya peremende.

Siku tatu nilichanganya, nikamwaga, nikachanganya.
Kiraka chenyewe hakizidi punje ya shayiri.
Uzi mweupe wa Krismasi, kwa kipimo hiki, haupo.
Nikautia hata hivyo, chini ya rangi, kwa ncha ya sindano.
Nilikusudia asijue mtu.

Halvard alisema nimeiharibu.
"Kijani," alisema, akachukua kipande cha pili cha keki yangu.

Jumapili nikaibeba kwa Gudveig katika sanduku la viatu,
imeegemezwa kwa soksi pande zote.
Kiraka hakukitazama.
Aliinama, akachungulia ndani kwa lile jicho zima:
"Kiti mbona kitupu?"
Nikamweleza kwamba nafuata picha. Katika picha rubani hayumo.
Kwa kivuli cha koleo nimekadiria saa tatu asubuhi.
"Saa tatu," akasema, "alikuwa jikoni kwetu,
anakunywa kahawa ya shayiri, anapuliza vidole."

Tukanyamaza. Friji ikanguruma, ikaacha.
Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kioo cha juu ya kiti;
nilikuwa nacho mfukoni, pamoja na gundi.
Akaniona nakitoa.
"Usikigandishe hicho," akasema. "Atapandaje?"