Kizibo cha Mtarakwa

Aikande aliingia karakanani kwangu, Pasua,
na filimbi ndani ya soksi ya mpira.
"Fundi, inakoroma," akasema.
Mimi natengeneza vitanda, milango,
na majeneza, wiki zikiwa mbaya.
Filimbi niliyoijua ni ile ya plastiki, ya shule:
darasa zima linapuliza, mbwa wanahama mtaa.

Hii ilikuwa ya mti. Mti wa peasi, alisema,
kama zile za Lushoto. Lakini kizibo cha mdomoni
kilikuwa kimelewa mate, kimevimba,
pumzi haipiti ila kwa kusukumana.

Nikatafuta kipande cha mtarakwa
kilichobaki kwenye kabati la mchungaji wa Mwika,
maana mtarakwa hunywa na haulewi.
Patasi, msasa, kisha kigae cha kioo.
Nilipunguza unene wa ukucha,
halafu nusu ukucha, halafu kwa kukisia tu,
siku tatu,
kitanda cha bwana harusi kikinisubiri bila miguu.

Akajaribu. Kwanza wimbo wa kale,
wa watu waliokufa reli haijafika Moshi,
na hapo nikaona: haongezi nguvu.
Ukikaza pumzi, sauti hupanda ikapita noti;
ukilegeza, huzama.
Basi huzuni yote aliitia kwenye ulimi,
tu, du, ru,
na kwenye tundu la gumba, aliloliacha wazi kidogo
kama mlango wa anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Sasa cha mwaka huu," akasema.
Hakupuliza. Vidole vitupu viligonga matundu,
matone ya kwanza juu ya bati.
Kisha akavuta hewa kinyume, akaguna ndani ya mti
huku akipuliza, sauti mbili zikasuguana
kama msumeno uliokutana na fundo.
Nikacheka.
Halafu sikucheka.
Ile pumzi ya kukatika, yenye mchanga ndani,
naijua. Ni ya baba, Ndewirwa,
usiku ule wodini Mawenzi,
mimi pembeni nikihesabu, nikipoteza hesabu,
nikianza tena na moja.

Sikumwambia. Niliuliza tu,
"Bado inakoroma?"
Akaifuta kwa pindo la sweta,
akaitazama kizibo, kile cheupe changu, kigeni.
"Inakoroma," akasema,
"ila sasa ni nikitaka mimi."