Mpini wa Mwavuli

Siku ya kwanza Fuseini alinyoosha mkono,
mkono mrefu wa Mmali apimaye vitenge,
na mama akarudi kinyumenyume hadi jikoni,
akaangusha sufuria ya sombe.

"Mutoto ya watu," akaniambia nyuma ya pazia,
"haya yake iko wapi?"

Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke
hawashikani, hawali bukari meza moja,
wakionana njiani mmoja hukata kona.
Kwao, ukimnyima mtu mkono umemfukuza.

Nilimtetea huyu kwa yule, yule kwa huyu,
nikachoka kama mkalimani wa ugomvi wake mwenyewe.
"Nimekuja kuuza nguo," alisema,
"sikuja kubadilishwa ngozi."
Lakini alianza kukohoa langoni kabla ya kuingia.
Sikumwuliza nani amemfundisha.

Halafu ile mvua ya Januari, Katuba nzima matope,
mama ameteleza mtaroni, kiatu kimoja kimekwenda na maji.
Mimi niko dirishani, mtoto ananyonya.
Fuseini anakimbia, anafika,
anasimama.
Mkono ukatoka. Mkono ukarudi.

Akafunga mwavuli, akashika ncha,
akageuza uso kuelekea ukuta wa shule,
akamnyooshea mpini.
Mama, macho yake sokoni,
akaushika.

Wakaja hivyo mpaka langoni, wamelowa chapachapa,
mwavuli umefungwa katikati yao,
kila mmoja akitazama kwake.