Uhaba wa Jua

Daktari Sujatha aligeuza kioo cha kompyuta,
nikaiona damu yangu imeandikwa kwa tarakimu:
kumi na moja.
"Inatakiwa thelathini, Mama. Huna jua mwilini."

Nilicheka hadi ushungi ukaniteleza.
Sina jua? Mimi? Hapa Ibra,
ambapo mwezi wa sita usukani hushikwa kwa kitambaa
na bomba la maji baridi hukaribia kuchemsha yai?
Mwambie na samaki ana kiu.

Lakini nilipofika nyumbani nilihesabu.
Mlangoni hadi garini, hatua tisa, chini ya turubai.
Vioo vyeusi. Duka la baridi. Zahanati ya baridi.
Mapazia mawili mawili, baibui, kiyoyozi kikikoroma
kama paka aliyeshiba.
Miaka arobaini na mitatu nalikwepa jua
kama mtu anayenidai,
na leo mimi ndiye naambiwa nikalikope.

Mjukuu wangu Asila, anayesomea lishe kule Nizwa,
akaniletea kijisanduku cha vyumba saba,
Jumamosi hadi Ijumaa,
tembe za mafuta ya samaki zikimeta kama tasbihi ya kaharabu.
"Hizi huenda zikasaidia moyo, Bibi. Hizi mifupa.
Hii umeze na chakula chenye mafuta kidogo."
Na ya magoti yanayokumbuka kila ngazi?
"Hiyo bado."
Nililipenda lile huenda lake.
Umri wangu wote umeenda kwa huenda.

Jumatano, soko la wanawake:
uwatu, lozi, komamanga za mlimani
zenye ganda kavu na moyo mbichi,
dagaa wakavu kutoka Ashkhara.
Bi Shinuna akaniapia juu ya habasoda yake:
"Inaponya kila kitu ila mauti."
Nikaomba punguzo kwa ajili ya hilo ila.
Akanipunguzia baisa mia mbili, bila kucheka.

Dagaa niliwakaanga wakakauka kau,
nikawatafuna na miba yao
kama alivyotutafunisha mama yetu, Wete,
ambaye neno kalsiamu halikumpitia sikioni.
Alisema tu: mfupa hula mfupa.
Akafa na meno yake yote, ila mawili
aliyoyapoteza kwa sukari guru.

Kisha, saa nne asubuhi, dakika kumi na tano,
kama alivyoagiza daktari, nikapanda darini.
Mwezi wa pili huu, jua bado lina adabu.
Nikakunja mikono ya dishdasha hadi viwiko,
nikaitazama ngozi yangu, nyeupe kama ya mgeni,
nikaona haya peke yangu.

Peke yangu? Darini kwa jirani,
mikono wazi, macho yamefumbwa,
kakaa Bi Ghaliya binti Nasor
ambaye hatujasemeshana tangu ule ugomvi wa tangi la maji.
Akafumbua jicho moja.
Nikajifanya nahesabu madishi ya televisheni.

Kimya kikakaa baina yetu kama mtu wa tatu.
Mwishowe akasema, kwa sauti ya anayeuliza bei:
"Wewe ngapi?"
"Kumi na moja."
"Mimi tisa," akajibu,
akanyoosha shingo kama kanishinda.

Na kutoka nyuma ya tangi lile lile,
dari ya pili yake, sauti nisiyoijua:
"Kumi na nne! Lakini mimi nina na kisukari!"

Sasa wiki ya tisa. Vipimo vipya bado.
Tende tatu kwa siku, si saba; Asila anahesabu kokwa.
Jumanne nilisahau tembe, Jumatano nikameza mbili,
msimwambie.
Darini sijasahau hata siku moja.
Mikono yangu imekuwa ya rangi mbili:
juu ya kiwiko, Ibra;
chini ya kiwiko, Wete.