Dakika Kumi na Moja

Ukiizima, usiwe na haraka ya kuiwasha.
Ukiiwasha, kachemshe chai.
Mashine yangu hapa Kiborloni, mlango wa bluu ubavuni mwa kinu cha kusaga,
huamka kama mgonjwa aliyelala na viatu:
hujigeuza, hukohoa feni,
kisha huganda kwenye weusi
na vile vidoto vinazunguka, vinazunguka.

Dakika kumi na moja. Nimezipima kwa saa ya mkononi.
Muda huo mteja wa kwanza ameshaniuliza mara mbili
kama kweli ninachapa au nimekaa tu.
Mzee Kiwelu anataka ratiba ya mazishi, nakala mia mbili,
mwili unatoka hospitali saa tano.
Nyuma yake binti mwenye barua ya maombi ya kazi,
flashi kaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu.
"Dada, umeme upo?"
Upo.
"Sasa?"
Sasa tunangoja.

Nimejaribu ya wajuao na ya wasiojua.
Nilipuliza vumbi: lilitoka la kutosha kupanda mchicha,
na mende mmoja mkavu, marehemu wa siku nyingi.
Nilichomoa memori, nikaisugua meno kwa kifutio cha penseli,
nikairudisha mpaka ikalia tak.
Nilibadilisha kile kibetri cha duara,
maana kila asubuhi mashine iliamini ni mwaka elfu mbili na mbili,
Januari mosi,
na mimi, kwa mujibu wake, bado niko darasa la nne.
Tarehe ikapona. Uvivu ukabaki.
Jirani akasema ni virusi. Wa kwaya akasema ni uzee.
Mama, kwa simu kutoka Marangu, akasema nunua nyingine,
kama mtu asemaye nunua nyanya.

Jana akaja Aminieli, fundi,
bisibisi nne mfukoni mwa shati
pale wenzake wanapoweka kalamu.
Hakufungua hata skrubu moja.
Aliiwasha, akaiangalia ikichelewa,
hakuipiga kofi la ubavuni (mimi huipiga),
kisha akafungua orodha ndefu ya maandishi madogo
akashuka nayo kwa kidole
kama atafutaye jina lake kwenye matokeo ya mtihani.
Kidole kikasimama.
"NDESHI MEZANI," akasoma. "Hii ni nini?"

Mashine si mbovu, alisema. Diski nzima, memori inatosha.
Ila kila ikiamka inamtafuta mwenzake:
folda iliyokuwa huko, printa iliyokuwa huko.
Inabisha hodi, inangoja. Inabisha tena, inangoja.
Hodi ya tatu ndipo inakata tamaa
na kuendelea na siku.

Ndeshi ni mdogo wangu.
Meza yake ilikuwa pale penye ndoo.
Aliondoka na mashine yake, printa ya rangi, na nusu ya wateja,
baada ya lile suala la kodi ya miezi mitatu
ambalo kila mmoja wetu hulisimulia kwa hesabu yake.
Yuko Arusha, Ngarenaro. Nasikia anapiga na lamineshini.
Mwaka wa pili huu.
Chuma kimebisha kila asubuhi.
Mimi sijabisha hata mara moja.

"Nifute?"
Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati,
mlima haupo, kama haujawahi kuwapo.
"Futa," nikasema,
na ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Sasa ni sekunde arobaini.
Aminieli alichukua elfu kumi na tano na shukrani.
Leo niliweka sufuria jikoni kwa mazoea,
nikageuka, na mashine iko tayari,
kishale kinanipepesea,
inataka kujua tunaandika nini.
Maji hayajapata hata joto.

Nikachukua simu. Nikaiweka.
Nikaichukua.
Inaita.
Inaita.
Hii ndiyo ya tatu, ambapo mashine hukata tamaa.
Ngoja, nikajiambia. Chai bado.